Mshale Uliotazama Jikoni

Wewe ukiambiwa uchague, ama umtazame baba mkwe wako usoni, ama watu mia tisa wapelekwe mahali pa kufia, utahitaji muda gani? Usinijibu haraka. Mimi nilihitaji dakika arobaini, na nilizihesabu zote, maana nilikuwa nimesimama chini ya dirisha la ofisi ya kijiji na ndani mlikuwa na saa ya ukutani yenye picha ya twiga. Mshale wake wa dakika ulikuwa unakwama kidogo kila ukifika kwenye namba sita.

Ulikuwa mwaka 2068, mwezi wa tano, siku ya Jumanne. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa kwa mzee Asegelile, kijiji cha Ikapulo, chini ya mlima. Leo namtaja hivi hivi, Asegelile, kama ninavyotaja chumvi. Wakati ule sikuweza. Kwetu mkamwana, mke wa mwana, halitaji jina la baba mkwe, hamtazami, wala hapiti mbele yake. Akimwona anakuja, anachuchumaa pembeni ya njia na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Mzee naye ana adabu zake. Akijua mkamwana yuko karibu hukohoa kwanza, kisha hugeuza uso. Vijiji vingine vilikwisha kuyaacha hayo. Sisi tulikuwa na mtandao wa kasi kuliko wa mjini, na bado tulikuwa tunachuchumaa.

Saa tatu kasoro robo asubuhi hiyo nilikuwa shimoni, kazini kwangu. Shimo lenyewe lilikuwa na kina cha kunifika kifuani, limejengewa kwa tofali za kuchoma, na mfuniko wake ulikuwa mabati mawili yenye sponji katikati ili mvua isipige kelele. Chini, juu ya sakafu ya saruji, lilikaa sanduku. Lilikuwa jeusi, kimo cha ndoo ndogo, lina miguu mitatu ya shaba na mshale mweupe uliochorwa juu. Kila asubuhi nilishuka kwa ngazi, nikalifuta umande, nikaangalia kama kipovu cha pima maji kiko katikati, nikaandika kwenye daftari "kavu" au "unyevu", nikapanda.

Siku hiyo kipovu kilikuwa kinatetemeka. Hakikutoka katikati, kilitetemeka tu palepale. Nikaweka kiganja kwenye saruji, sikusikia kitu. Sanduku lilikuwa linasikia kuliko mimi. Nikapanda haraka, na kabla sijafunika bati, honi ya kijiji ikalia.

Baada ya honi ilikuja sauti ya Mlinzi. Mlinzi hakuwa mtu, ilikuwa mashine iliyokaa mjini ikisikiliza masanduku ya milima yote. Walimpa sauti ya mwanamke mtulivu, kama wale wanaosoma matangazo ya vifo redioni.

"Ikapulo. Mlima unapasuka. Chanzo kiko kichwani mwa bonde la Kala. Hewa nzito itashuka ndani ya saa mbili. Wakazi wa Kala wavuke daraja waende Kilima cha Shule, upande wa Mbasa. Wakazi wa Mbasa wabaki walipo. Uhakika ni tisini na tisa kwa mia."

Ukisimama Ikapulo ukautazama mlima, bonde la Kala liko mkono wako wa kushoto, bonde la Mbasa mkono wa kulia, na katikati kuna mto na daraja moja la chuma, sisi tukiwa upande wa Kala. Hewa nzito haina rangi wala harufu. Inatoka kwenye ufa, inashuka bondeni kama maji, inakaa. Kuku wanaanguka kwanza, halafu mbuzi, halafu watoto kwa sababu ni wafupi. Ikitoka Kala, kila mtu awe Mbasa. Ikitoka Mbasa, kila mtu awe Kala. Huwezi kuwaambia watu wa pande zote mbili wakimbie. Mwaka wa mtikisiko wa kwanza waliambiwa hivyo, wakakutana katikati ya daraja na mizigo yao na ng'ombe wao. Walioanguka mtoni walikuwa wengi kuliko waliouawa na hewa.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea neno moja: wapi. Na mimi niliposikia Mlinzi anasema Kala, niliacha bati wazi nikakimbilia ofisi ya kijiji, kwa sababu nilikuwa najua sanduku linatazama wapi.

* * *

Ngoja nikueleze habari ya mshale.

Mlima ukipasuka ndani, hutoa mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi. Wimbi likipita, kila punje ya udongo huzunguka kama gurudumu dogo. Gunzi likielea bwawani, wimbi likiliinua hulisukuma mbele. Udongo hufanya kinyume. Ukifika juu kabisa hurudi nyuma, kule wimbi lilikotoka. Basi sanduku linapima vitu vitatu: udongo umepanda kiasi gani, umekwenda mbele au nyuma, umekwenda kulia au kushoto. Ukiviunganisha hivyo vitatu unapata upande wa chanzo. Hesabu yenyewe ni ya mashine, lakini hilo la gurudumu alinifundisha fundi wa kwanza, yule aliyelifunga sanduku, kwa kuchora na kijiti, na nililielewa.

Sasa, sanduku lenyewe halijui mlima uko wapi. Linajua mshale wake tu. Linasema, wimbi limetoka kushoto kwa mshale, au kulia kwa mshale. Dira haifai kwetu, mawe ya mlima yanavuta sindano. Kwa hiyo fundi alipima kwa vyombo vyake, akakuta kaskazini halisi ya shimo inaangukia ncha ya paa la nyumba ya baba mkwe, hatua sitini kutoka pale. Akaandika kwenye kadi ya plastiki na kuigongomea ukutani mwa shimo: SANDUKU LIKIHAMISHWA, LIRUDISHWE MSHALE UKITAZAMA NCHA YA PAA LA MWENYEKITI.

Alitoka Tanga yule. Angejuaje kwamba anamwandikia mkamwana?

Masika ya mwaka uliotangulia maji yaliingia shimoni. Nikalitoa sanduku, nikalifuta, nikakausha sakafu kwa majivu, nikalirudisha. Nikaweka pima maji, kipovu kikakaa katikati vizuri. Ikabaki mshale. Nikainua kichwa kuitafuta ncha ya paa, na chini ya ncha ile, mlangoni, baba mkwe ameketi kwenye kigoda anamenya maharage. Nikajifunika. Nikangoja. Nikainua tena, bado yupo. Maharage yale yalikuwa debe zima.

Mama mkwe wangu, Ikupa, alikuwa anapita na kuni. Akaniona nimejikunyata kwenye mdomo wa shimo.

"Mwanangu, unamwogopa nyoka au mume wangu?"

"Mama, natakiwa nilenge paa, na yeye yuko chini ya paa."

Akatazama kule, akanitazama mimi. Akatua mzigo wa kuni. "Lenga jikoni kwangu," akasema. "Paa ni paa. Toka pale mpaka pale ni hatua chache tu."

Zilikuwa hatua thelathini na tano, upande wa kulia. Mimi nina darasa la saba, na hata mimi moyoni nilijua hatua thelathini na tano kwa umbali wa sitini si chache. Lakini mvua ilikuwa inarudi na shingo inaniuma. Nikalenga jiko. Mshale ukatazama moshi wa mama mkwe, na nikafunika bati.

* * *

Ofisi ya kijiji ilikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa, na ufunguo wa honi alikuwa nao yeye. Mlinzi aliweza kutangaza, lakini kuzuia au kubadili amri ilitaka ufunguo ule kutoka mkononi mwa mwenyekiti. Asubuhi ile alikuwa kibarazani na Injinia Chilongani, Mgogo mmoja mrefu aliyekuja jana yake kwa sababu ya mitetemo midogo. Mimi nilisimama nyuma, chini ya dirisha. Mama mkwe alikuwa nami. Mume wangu, Lusajo, ambaye kwa kawaida ndiye aliyebeba maneno yangu kwenda kwa baba yake, alikuwa njiani na lori kwenda Tunduma.

Barabarani watu wa Kala walikuwa wameanza kupita. Magodoro kichwani, vifaranga kwenye matenga, bibi mmoja amebebwa kwenye toroli ameshika redio yake.

"Mama," nikamwambia Ikupa kwa sauti ya chini, "nenda ukamwambie mzee. Sanduku limepinda. Kila linachosikia linakisogeza kushoto. Likisema Kala, ni Mbasa."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika limepinda."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza una uhakika ni Mbasa."

Hapo ndipo pabaya. Sikuwa na uhakika. Ningejuaje? Huenda ufa ulikuwa mkubwa, huenda ulikuwa pande zote, huenda Mlinzi alikuwa na njia zake za kurekebisha. Nikisema, watasimamisha watu. Kama Mlinzi alikuwa sahihi, watu mia nne wa Kala watakufa wamekaa kwenye mizigo yao wakinisubiri mimi. Nisiposema, na kama mimi ndiye niko sahihi, wote mia tisa watakuwa Mbasa.

"Nenda tu, mama. Waamue wao."

Ikupa akaanza kufunga na kufungua pindo la kanga yake. "Nikienda ataniuliza kwa nini limepinda. Nitamjibu nini? Kwamba mkamwana alishindwa kazi ya serikali? Watakunyang'anya. Au niseme..."

"Sema nililenga vibaya. Usiseme zaidi."

"Siwezi," akasema, na akageuka kutazama ukuta.

Nilimwelewa, na nilimkasirikia. Saa ya twiga ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Mlinzi akarudia tangazo lake, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Injinia akatoka kibarazani kuja nyuma, anatafuta mahali pa kukojoa nafikiri, akanikuta. "Dada, wewe si ndiye mtunza sanduku? Umefanya kazi nzuri sana. Limesikia vizuri kuliko yote."

"Limepinda," nikasema.

"Nini?"

"Mshale. Hautazami kwenye paa la mwenyekiti, unatazama jikoni. Tangu masika ya mwaka jana."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyechoka. "Dada, nina masanduku ishirini na saba kwenye mlima huu. Yote yamekubaliana. Hata kama lako limepinda, mengine ishirini na sita yangelipinga."

"Hayo mengine si yale yaliyoletwa na ndege zisizo na rubani mwezi wa sita, baada ya masika hayo?"

"Ndiyo, hayo."

"Yalianguka kutoka juu yakajichimbia. Nani aliyaonyesha kaskazini?"

Akatoa kishikwambi chake, akafungua orodha ya masanduku. "Yalijifunza," akasema polepole. "Yalisikiliza wimbi lilelile pamoja na sanduku mama, yakajipanga kulifuata. Sanduku mama ni..." Akanitazama. "Kwa hiyo sina mashahidi ishirini na saba."

"Unaye mmoja," nikasema.

"Mwenyekiti lazima asikie hili kwako. Mimi ni mgeni, nimeletwa na Mlinzi yuleyule. Nikimwambia mashine yangu imekosea atanifukuza, na atakuwa na haki."

"Siwezi kusimama mbele yake."

"Dada, mbona? Ana ugomvi na wewe?"

"Ni baba mkwe wangu."

Yule Mgogo akaniangalia, akamwangalia Ikupa aliyekuwa bado anatazama ukuta, akaangalia barabara na matenga ya vifaranga. "Nyie Wanyakyusa," akasema, "mnaweza kufa kwa heshima kweli." Hakuwa anatania.

Saa tatu na dakika ishirini na tano.

* * *

Nilizunguka ofisi. Naikumbuka kila hatua. Kulikuwa na ndoo ya bluu ya maji ya kunawa, kulikuwa na viatu vya mtu vyenye matope, na ngazi tatu za saruji, ya pili imemeguka. Nikapanda. Kanga nikaishusha mabegani.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ufunguo wa honi umening'inia shingoni kwa uzi. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa karibu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na macho yake yalikuwa ya Lusajo kabisa. Ndicho nilichokiona kwanza, macho ya mume wangu kwenye uso wa mzee.

Akaniona. Alichofanya sikukitegemea: alivua kofia yake akajifunika uso. Mzee wa watu, mwenyekiti, kijiji kizima kinahama, amejificha nyuma ya kofia ya sufi kwa ajili yangu.

"Baba," nikasema, "sanduku limepinda mkono wa kulia. Mlinzi amedanganywa. Hewa inaweza kuwa inakuja Mbasa, si Kala. Zuia watu darajani."

Barabarani watu walisimama. Mama mmoja akasema, "Huyo si mkamwana wa mwenyekiti? Anaongea naye?" Mwingine akamwambia anyamaze.

Kofia haikusogea. Kutoka nyuma yake mzee akakohoa, akasema, "Injinia. Muulize huyo anayeongea, limepinda kiasi gani."

"Anauliza..." Injinia akaanza.

"Nimesikia. Hatua thelathini na tano kwa umbali wa sitini."

Injinia akapiga hesabu. "Nyuzi thelathini. Kutoka Kala kwenda kulia nyuzi thelathini ni..." Akaonyesha kwa mkono. Mkono ukasimama juu ya Mbasa.

"Muulize," kofia ikasema, "kama anaweza kuapa."

"Siwezi, baba. Naweza kuapa juu ya mshale. Siwezi kuapa juu ya mlima."

Mzee alikuwa anapumua kwa nguvu ndani ya ile sufi. Nilidhani ataniambia niondoke, na sijui ningefanya nini.

"Injinia," akasema mwishowe, "kuna njia ya kulipima bila kumtegemea mtu?"

"Ipo. Nipige ardhi mahali ninapopajua, nione sanduku litasema nimepiga wapi. Lakini nahitaji pigo kubwa."

Kwenye mdomo wa daraja, upande wetu, kulikuwa na tipa la kokoto la watengeneza barabara. Mzee akasimama, uso bado kwenye kofia, akatoa ufunguo shingoni na kuunyosha pembeni bila kujua nani atauchukua. Injinia akauchukua.

"Zuia watu. Dakika kumi. Zikipita, Mlinzi aendelee."

* * *

Dakika kumi zile ziliisha kama tatu. Honi ililia mara mbili, maana yake simama. Darajani watu walianza kupiga kelele. Waliokwisha kuvuka walikuwa kama mia tatu, tuliwaona kwenye Kilima cha Shule wakitandika mikeka. Waliobaki Kala walisukumana wakiuliza nani kazuia. Jibu lilipita mdomo kwa mdomo likawafikia: mkamwana wa Asegelile. Mwanamume mmoja aliyebeba mashine ya kushona akanijia mpaka chini ya ngazi. "Mtoto wangu akianguka leo nitakutafuta wewe," akasema. Aliyasema kwa adabu kabisa. Nilimwambia, "Sawa, kaka." Ningemwambia nini kingine?

Dereva wa tipa alikuwa hataki. Alisema kokoto si zake. Injinia akamwambia kitu ambacho sijakijua mpaka leo, na tipa likarudi nyuma, likainua tumbo, na mzigo wote ukaanguka kwa mkupuo mmoja. Hata mimi nilisikia ardhi ikipiga kwenye nyayo zangu. Likabaki vumbi jeupe.

Injinia alikuwa amekwisha kurudi kibarazani anahema. Alikuwa ameinamia kishikwambi, na mistari mitatu ilikuwa inapita: juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Akaigandisha. Akaweka kidole kwenye kilele cha kwanza cha mstari, akatafuta udongo ulirudi nyuma kuelekea wapi. Mashine ikachora msumari mwekundu kwenye ramani.

"Kokoto zimeanguka wapi?" akaniuliza.

"Darajani. Umeziona mwenyewe."

"Sanduku linasema zimeanguka kwenye josho la ng'ombe."

Josho liko kushoto kwa daraja. Ukisimama shimoni ukayatazama yote mawili, kati yake pana nyuzi thelathini, ongeza au punguza mbili.

Injinia akaigeuza ramani nzima ya Mlinzi kwa nyuzi zile thelathini, na alama zote za mitetemo ya asubuhi zilizokuwa zimejazana Kala zikahama pamoja, kama ndege wanaohama mti, zikatua kichwani mwa Mbasa. Juu kabisa ya Kilima cha Shule.

Mzee alikuwa bado na kofia usoni. "Nisomeeni," akasema.

"Mbasa, baba," nikamwambia.

Saa tatu na dakika thelathini na tisa.

Kuwarudisha watu waliokwisha kukimbia ni kazi mbaya kuliko kuwakimbiza. Honi ilitoa amri mpya na wa Kilima cha Shule hawakuamini. Walisema ni hitilafu. Mlinzi wa mjini naye alikuwa bado anasema Kala, Kala, mpaka Injinia akakata waya wake kwa koleo. Baba mkwe alishuka mwenyewe darajani. Alivaa kofia yake vizuri kichwani, akasimama katikati ya daraja, akawaita watu waliokuwa Mbasa kwa majina ya baba zao, mmoja mmoja. Mimi nilirudi shimoni kulinda sanduku, kila dakika nikimsomea Injinia kwa simu kipovu kinafanya nini. Kilikuwa kinatetemeka zaidi. Mwisho kilikuwa hakikai.

Hewa ilishuka saa nne na nusu. Hatukuiona. Tuliona tu kunguru wa juu ya shule wanaanguka, halafu mbuzi wawili waliosahauliwa wakipiga magoti kwenye uwanja wa mpira, halafu nyasi zikalala. Mtu wa mwisho kuvuka alikuwa bibi wa toroli. Redio yake ilikuwa bado inaimba.

* * *

Jioni, jua bado lipo, watu wote mia tisa walikuwa kwenye malisho ya Kala, karibu na josho. Wanawake walikuwa wamewasha mafiga, harufu ya ndizi za kuchemsha imeenea. Mwanamume wa mashine ya kushona aliniletea kikombe cha chai, akaniwekea pembeni, akaondoka. Mimi sikuweza kuinywa.

Baba mkwe alikuja na Injinia. Alisimama hatua kumi kutoka tulipokaa wanawake, akatugeuzia mgongo, kama inavyotakiwa, akasema na Injinia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Injinia, mkoani watataka maelezo. Wataandika jina la mtu. Muulize mkamwana, wazo la jikoni lilitoka wapi? Kadi ilisema paa langu."

"Lilitoka kwangu," nikasema kabla Injinia hajafungua mdomo. "Nilikuona mlangoni nikaogopa. Nikalenga kitu cha karibu. Waandike jina langu, Tulinagwe."

"Peke yake?"

"Peke yangu."

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa ananihurumia, nadhani, na kazi ile ilikuwa imekwisha kwangu. Nilikwisha kuikubali hiyo. Nikajifunika kanga.

Pembeni yangu Ikupa alikuwa anakoroga chungu. Aliacha kukoroga. Akaupangusa mwiko, akaulaza juu ya kifuniko, akasimama. Alichukua muda kunyoosha magoti. Kisha akatembea zile hatua kumi, akamzunguka mume wake mpaka akafika mbele yake.

"Muongo huyo mtoto," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Mama Lusajo, kaa chini. Umechoka."

"Sijachoka. Nilikaa nyuma ya ofisi asubuhi nzima nikitazama ukuta, watu wanapita na watoto wao, na nikashindwa kusema. Sasa nasema. Alikuwa anangoja uondoke mlangoni. Angengoja mpaka kesho, ana subira. Mimi nikatua kuni zangu nikamwambia alenge jikoni."

"Kwa nini? Ulijua kadi inasema nini. Wewe unasoma."

"Najua kusoma."

"Basi kwa nini?"

Watu walikuwa wameacha kula. Ikupa aliangalia chini, akaangalia mikono yake yenye masizi, na nilidhani atasema alinihurumia, au mvua ilikuwa inakuja, na lolote katika hayo lingekubalika na tungelala.

"Miaka thelathini na nane, Asegelile," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anamwita jina lake, "mlango wa nyumba unakutazama wewe. Viti vinakutazama wewe. Njia ya kutoka kisimani inapita mbele yako, na sisi tunapita migombani. Wakaja watu wa serikali kutoka mbali, na sanduku lao, na hilo nalo wakaligeuza likutazame wewe. Nilitaka kitu kimoja kwenye mji ule kinitazame mimi."